Mama Aliyevunja Sherehe ya Kupanda Darasa

Saa tatu asubuhi, Jumamosi ya Agosti 2016, jua la Columbus, Ohio, limeshaanza kuchoma. Mukandoli anatoa maboksi matupu kwenye buti la gari na kuyatupa mojamoja juu ya nyasi, katikati ya majengo mawili ya nyumba za kupanga. Hasemi habari za asubuhi. Watoto watano waliokaa chini wanasogeza miguu wasigongwe.

"Haya! Diploma ya sekondari ni boksi ishirini," anaanza. "Kiingereza nne. Hesabu nne. Sayansi tatu, historia na uraia tatu. Afya nusu, michezo nusu. Zinazobaki tano, unachagua mwenyewe. Sasa wewe umeniletea ishirini, lakini za hesabu ni tatu tu. Unapata diploma?"

Watoto wanatazamana. Mmoja anajibu kwa Kiingereza kwamba labda, kwa sababu ishirini ni ishirini.

"Wapi!" Mukandoli anapiga teke boksi, linaruka hadi kwenye ua wa jirani. "Labda ya nini? Hupati! Hata ulete mia moja!"

Watoto hawa wamemaliza darasa la nane mwezi Juni na wiki ijayo wanaingia sekondari. Mukandoli si mwalimu wao. Anafunga viatu kwenye maboksi katika ghala moja karibu na Gahanna, kwa dola kumi na mbili kwa saa. Mumewe anahudumia wazee Westerville. Kiingereza cha Mukandoli ni cha kuombea ruhusa kazini. Ila ana hasira, na tuseme ukweli, hasira hiyo imewafaa watoto hawa kuliko upole wa watu wengi waliolipwa kuwasaidia.

Alizaliwa katika milima ya Kivu Kusini, akakaa miaka kambini Burundi, akaletwa Ohio na familia yake mwaka 2010. Mwanawe mkubwa, Olivier, aliingizwa darasa la tisa kwa sababu ya umri wake. Hakuna aliyeuliza kama aliwahi kusoma la saba au la nane. Hakuwahi.

Mwaka wa kwanza ukaisha, Olivier akapanda la kumi. Wazazi wakachinja mbuzi. Mwaka wa pili akapanda la kumi na moja, wakachinja mwingine, na watu wa kanisa wakaja na bahasha na nyimbo.

"Kwetu Congo mtoto akipanda darasa, amepita. Akianguka, anarudia mwaka. Njo vile tunajua," anasema Mukandoli. "Hapa mtoto anapanda hata kama ameanguka! Nani aliniambia? Mtu gani? Muonyeshe hapa nimuone."

Hakuna wa kumwonyesha. Shule iliita wazazi, naye alikwenda kila mara. Alivaa kitenge chake kizuri, akasalimia walimu kwa mikono miwili, akauliza swali ambalo mzazi yeyote wa kwao angeuliza kwanza: mtoto ana heshima? Wakamjibu kwamba Olivier ni kijana mzuri sana, mwenye heshima sana. Akarudi nyumbani anamshukuru Mungu.

Kumbe kijana mwenye heshima alikuwa amepangiwa masomo mawili ya kusaidiwa Kiingereza kila mwaka, na hesabu za ngazi ya chini ambazo hazikuhesabiwa kabisa. Masomo hayo ya Kiingereza yalijaza boksi zake za kuchagua mpaka zikamwagika. Alipofika darasa la kumi na mbili ndipo akaitwa ofisini na kuambiwa ana krediti saba na nusu. Krediti ndiyo boksi lile la Mukandoli: kila somo linalohesabiwa, ukilifaulu, unapewa.

Saba na nusu, baada ya miaka mitatu ya kuamka alfajiri na kusifiwa heshima! Mwandishi wa makala haya aliposikia habari hiyo mara ya kwanza aliomba arudiwe hesabu. Olivier aliacha shule kabla ya Krismasi. Leo ana miaka ishirini na anashusha mizigo ya malori kwenye ghala lilelile la mama yake. Sheria bado inamruhusu kurudi. Hataki.

"Nikae na batoto wa miaka kumi na tano?" anauliza akiwa mlangoni, funguo za gari mkononi. "Mama apigane kwa ajili ya Kamikazi. Mimi, bon, mimi niko sawa."

Hayuko sawa, na mama yake anajua. Kamikazi ni mdogo wake, mmoja wa watoto waliokaa kwenye nyasi. Ratiba yake ya darasa la tisa ilipofika mwezi Mei, Mukandoli aliitambua bila kusomewa: masomo mawili ya kusaidiwa kusoma, na hesabu zilezile zisizohesabiwa.

"Ni ya Olivier kabisa kabisa. Wamebadilisha jina tu. Huyu mtoto amesoma hapa tangu darasa la pili! Anaota kwa Kiingereza! Sasa anasaidiwa kusoma nini?"

Kufikia hapo alikuwa tayari ana mwaka mzima akifundisha watoto wa darasa la saba na la nane katika ukumbi wa kanisa, kila Jumamosi. Mambo yenyewe alijifunza kwa kumsumbua mshauri wa masomo wa shule. Alikwenda kwake siku zote za mapumziko yake, mpaka yule mama akamkalisha na kumweleza kwa kuchora. Na si kwamba hakosei. Mwaka jana aliwaambia wazazi kwamba michezo haihesabiwi, mvulana mmoja wa sekondari akaacha somo hilo, ikabidi warudi shuleni kuomba alirudie. Mukandoli akisimulia hilo anacheka kidogo, halafu anakasirika tena.

Familia tisa zenye mtoto wa la nane zilikuwa zikija. Watoto wote tisa walikuwa na ratiba zinazofanana na ya Kamikazi. Shule ilisema ratiba inaweza kubadilishwa Agosti, kwa siku mbili tu kabla ya masomo kuanza, na mzazi aje mwenyewe. Mukandoli hawezi kumsemea mtoto wa mwenzake. Kwa hiyo alihitaji wazazi wote tisa waende naye.

Ndipo ikaja sherehe ya Juni.

Byamungu, fundi wa mashine kiwandani, mtu wa Bukavu, alikuwa anasherehekea mwanawe Nshombo kupanda darasa la kumi. Binti yake Chimène alikuwa mmoja wa wale tisa. Ukumbi wa kanisa ulijaa. Kulikuwa na mbuzi, sombe ya majani ya muhogo, sambusa, na Fanta za watoto. Mchungaji aliomba. Kipaza sauti kikazungushwa kwa wazee na kina mama watoe pongezi, kikafika kwa Mukandoli.

"Hongera," alisema. "Papa Nshombo, mtoto ana krediti ngapi?"

Walioshuhudia wanasema Byamungu alitabasamu kwanza. "Amepanda la kumi, mama."

"Sikuuliza darasa. Nimeuliza krediti."

Kina mama wawili walimvuta kitenge akae. Hakukaa. "Munakula mbuzi ya mtoto, na hakuna hata mmoja anajua kama amepita! Mimi nilikula mbuzi mbili! Mbuzi mbili, na mtoto wangu anashusha mizigo!"

Byamungu akasimama. "Wako alianguka, sasa unataka wa wote waanguke. Huo ni wivu, Mama Olivier. Toka."

Akatoka. Mtu alikuwa amechukua video, na kabla ya Jumapili ilikuwa imeshafika kila mahali Wakongo walipo. Dada yake aliyeko Buffalo alipiga simu akilia kwamba ametia ukoo aibu. Binamu wa Louisville alipiga pia, naye akauliza kwa sauti ya chini hizo krediti ni kitu gani, kwa sababu wa kwake yuko la kumi na moja.

Wiki iliyofuata mchungaji alimwambia kwamba ukumbi unafanyiwa matengenezo. Mwandishi aliutembelea. Hakuona fundi, wala ndoo ya rangi, wala msumari mpya. Aliona harusi mbili zimeandikwa kwenye ubao wa matangazo. Jamani, tukitaka kumfukuza mtu, si tuseme tunamfukuza?

Ndivyo darasa lilivyohamia kwenye nyasi. Na ndivyo familia nne zilivyoacha kuja, ikiwemo ya Byamungu, aliyemkataza Chimène kukanyaga hapo.

Je, anajuta? "Kujuta nini? Ningojee wamalize kula?" Anakunja boksi kwa goti. Kisha anasema polepole, "Pengine ningengojea nje, kwenye magari. Lakini sikungojea. Sasa Chimène atalipa mdomo wangu. Hiyo ndiyo inaniuma."

Mwandishi alimtafuta Byamungu nyumbani kwake. Alikaribishwa chai, na mwenyeji hakuzungusha maneno. "Yule mama hana adabu. Andika hivyo," alisema, na imeandikwa. Alipoulizwa kama alikwenda shuleni kuuliza habari za Nshombo, aliweka kikombe chini. "Niende kuuliza nini? Mtoto amepanda." Chimène alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, akisikiliza, na baba yake alipogeuka akaondoka.

Siku ya kwanza kati ya zile mbili ni Jumatatu. Saa mbili asubuhi Mukandoli yuko kwenye viti vya nje ya ofisi ya washauri pamoja na Kamikazi. Ameomba kazini aanze mchana. Wazazi watatu wengine wamekuja na watoto wao. Kila mlango unapofunguka anageuka.

Wanaitwa wa kwanza. Mkalimani yuko kwenye simu, sauti yake inatoka kwenye spika juu ya meza. Mshauri, si yule aliyemchorea, ni mama mwenye macho ya uchovu, na ana wanafunzi zaidi ya mia nne wa kuwaangalia. Anaeleza kwamba aljebra ni ngumu. Kamikazi anaweza kuanguka, na kwa mtoto kuanza sekondari kwa kuanguka si vizuri.

"Mwambie akianguka nitajua ameanguka," Mukandoli anaiambia simu kwa sauti ya juu. "Olivier alianguka miaka mitatu mukanipa mkono, mukaniambia ana heshima! Mwambie hivyo hivyo. Usipunguze!"

Kamikazi anamwomba kwa Kiingereza akae chini. Kisha anamgeukia mshauri na kusema, polepole na bila mkalimani, kwamba anaitaka aljebra, na kwamba kitabu cha somo la kusaidiwa kusoma alikimaliza darasa la sita.

Mshauri anageukia skrini. Anafuta somo moja, halafu la pili. Anaandika aljebra. Anaandika baiolojia. Imechukua dakika chache tu, na ndilo jambo linalotia uchungu zaidi. Kwa Olivier ingechukua dakika hizohizo.

Mukandoli anatoka akifuta uso kwa khanga. Wazazi wale watatu wanaingia kwa zamu na ratiba za watoto wao zinabadilishwa pia. Saa nne inapita. Anakataa kuondoka.

Saa nne na nusu mlango unafunguka. Ni Byamungu, bado amevaa nguo za kiwandani, na nyuma yake yuko Chimène. Hamsalimii mtu. Anapita mbele ya Mukandoli na kukaa kiti cha mwisho kabisa, macho kwenye sakafu, mpaka wanapoitwa ndani.

Wanakaa muda mrefu. Wanapotoka, Chimène ana ratiba mpya mkononi na anakwenda moja kwa moja kwa Kamikazi kulinganisha. Baba yake anabaki amesimama akiutazama ukuta.

"Nimeuliza ya Nshombo," anasema. "Iko na moja na nusu. Mwaka muzima. Moja na nusu."

Mukandoli ana maneno kwa kila mtu, lakini safari hii anainuka. Anamsogezea kiti. Byamungu hakai.

"Ana miaka mitatu mbele yake," Mukandoli anasema kwa sauti ambayo mwandishi hakuwahi kuisikia kwake. "Waambie wampangie masomo ya kiangazi. Itawezekana, Papa Nshombo. Itawezekana."

"Bado nimekasirika na weye."

"Kasirika."

Nje, kwenye maegesho, mwandishi anamuuliza Mukandoli kama amefurahi. Familia tano kati ya tisa si haba. Anamwangalia kana kwamba ametukanwa.

"Nifurahi? Wanne hawakukuja! Kesho saa tisa ofisi inafungwa! Andika majina yao kwenye gazeti, nchi nzima iwasome."

Anaelezwa kwamba gazeti haliwezi kuandika majina ya watoto. Anasonya.

"Basi nitawagongea mimi. Sasa hivi, kabla ya kazi. Wakinifungia, nitarudi jioni. Wakinitukana, nitatukanwa nikiwa nimesimama mlangoni, na mtoto atasikia nimekuja kwa ajili gani. Na mwaka ujao ninaanza na wa darasa la sita. Wa nane ni kuchelewa."

Gari lao ameondoka nalo Olivier. Anaanza kutembea kuelekea kituo cha basi, haraka, Kamikazi akimkimbilia nyuma. Gari lililokuwa limeegeshwa karibu, madirisha wazi, linapunguza mwendo kando yao. Byamungu ananyoosha mkono na kufungua mlango wa mbele, bila kumtazama.

"Panda," anasema. "Tunaanza kwa nani?"