Damu Iliyoshangiliwa Malaba

“Wewe ulimeza ukapendeza, sasa mimi nikimeza inakuwa sumu? Mama Levis, sema tu ulitaka kuwa msichana peke yako!”

Jua ndiyo kwanza linapanda juu ya mabati ya ploti hii iliyo nyuma ya barabara kuu ya Malaba. Anjeline Amuron amesimama mlangoni mwake na kikombe cha chai, akiongea kwa sauti ya mtu anayetaka ploti nzima imsikie. Ploti nzima inamsikia. Milango miwili imeshafunguka, na mama mmoja ameacha nguo zake kwenye povu ili asipitwe na neno.

Anayerushiwa maneno ni jirani yake, Rita Ajiko, mpepetaji wa mahindi mwenye umri wa miaka hamsini na minne. Ungo uko kwapani, leso kichwani. Alikuwa njiani kwenda kazini.

“Sijasema sumu, dada,” anajibu. “Nimesema Alhamisi twende kliniki. Wakuangalie tu.”

“Waniangalie nini? Damu ni yangu. Imenirudia baada ya miaka miwili. Nishukuru Mungu ama niishtaki polisi?”

Mtu anacheka nyuma ya pazia. Rita hacheki. Anahamisha ungo kwapa la pili na kwenda zake.

Wawili hawa walinunua vidonge vya homoni kwa mchuuzi mmoja. Rita alitangulia, na leo ana saratani ya mfuko wa uzazi. Anjeline alifuata, na sasa anatokwa na damu kama ile iliyomtoka Rita mwanzoni. Rita anataka jirani yake apimwe kabla mambo hayajaharibika. Anjeline anataka mtoto.

Malaba haifichi siri. Ukipiga chafya huku, jirani wa tatu anakuombea afya kabla hujafuta pua. Kwa hiyo kila mtu anajua kwamba Anjeline, mwenye miaka arobaini na minane, aliolewa mara ya pili na Ekisa, utingo wa lori aliye mdogo wake kwa miaka kumi. Wanajua pia kwamba mama mkwe, huko Amukura, huuliza kuhusu mjukuu kila akipiga simu, hata kabla ya kuuliza hali.

Stoo anakofanya kazi Rita iko hatua chache kutoka foleni ya malori. Mahindi hushushwa hapa, wanawake wakayapepeta, kisha yakafungwa upya na kupelekwa Bumala na kwingineko. Hakuna dirisha. Vumbi linakaa hewani kama ukungu, na mabati yakipata moto wa saa sita, mtu mzima anaweza kulia.

Malipo ni shilingi thelathini kwa gunia. Zamani Rita alikuwa akimaliza magunia kumi na mawili kwa siku. Wiki hii, siku aliyojitahidi sana alimaliza manne.

“Mkono bado iko na nguvu,” anasema, akirusha mahindi na kuyadaka bila kuyatazama. “Ni huku chini ndio kumekataa.”

Hedhi yake ilikoma alipokuwa na miaka hamsini. Hakusikitika. Kilichomsumbua ni joto. Lilikuwa likianzia kifuani, likipanda shingoni hadi usoni, na jasho likimmwagika.

“Nilikuwa natoa jasho mpaka mahindi inalowa. Msimamizi akaniuliza kama namwagia gunia maji ndio ikuwe nzito. Wenzangu wakaniita Stima. Usiku silali, asubuhi nagombana na kila mtu, hata kuku.”

Ndipo akatokea mwanamume mmoja aliyekuwa akipita kandokando ya malori na begi mgongoni, akiuza dawa za minyoo, za nguvu za kiume, na za akina mama. Walimwita Daktari wa Begi. Jina lake halisi hakuna anayelijua.

“Alikuwa mpole kuliko muuguzi yeyote,” anakumbuka Rita. “Alinisikiza mpaka nikamaliza. Nani huko hospitali anakusikiza mpaka umalize?”

Akampa vidonge vya homoni, ameze kimoja kila siku. Hakumpima presha. Hakuuliza kama ana uvimbe kwenye titi, wala kama katika ukoo wao kuna aliyewahi kuugua saratani. Hakumwambia kuna dawa ya pili inayopaswa kuandamana na ile ya kwanza.

Na vidonge vilifanya kazi. Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Haikupita muda, Rita akaanza kulala. Joto likatulia. Ngozi ikang'aa, jina la Stima likafa lenyewe. Akavimeza mwaka mmoja na zaidi.

Kisha damu ikarudi.

Mahali pengine huenda mtu angeshtuka. Hapa walishangilia. Mumewe, mzee Osukuku, alicheka mpaka akakohoa. Jumamosi ile majirani walileta chungu cha ajono, ile pombe ya wimbi, wakakaa kukizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakamtania mzee kwamba ajitayarishe kununua nepi uzeeni. Waliimba, wakacheza. Rita mwenyewe alicheza.

“Ilikuwa siku nzuri,” anasema, na ungo unasimama hewani. “Nisikudanganye. Niliona kweli nimerudi msichana.”

Aliyecheza kuliko wote ni Anjeline. Kesho yake aliondoka mapema kwenda barabarani kumtafuta mwenye begi.

Damu ya Rita ilikuja na kukatika, ikaja na kukatika, miezi minane. Aliificha kwa vitambaa na kuendelea kupepeta. Siku aliyoanguka juu ya magunia, wenzake walidhani ni njaa. Katika zahanati moja ya mjini alikutana na muuguzi Sharlyne Wekesa, aliyemuuliza swali moja: hedhi ilikuwa imekoma kwa muda gani kabla ya damu hii?

“Mwanamke akimaliza mwaka mzima bila hedhi, halafu aone damu, hata tone, huo si ujana,” anasema Sharlyne. “Aje tumwone. Mara nyingi huwa si saratani. Lakini hakuna namna ya kujua ukiwa umekaa nyumbani.”

Sharlyne hapendi watu waondoke kwake wakiogopa homoni. Zipo, anasema, na zinawasaidia wanawake wengi ambao joto na kukosa usingizi vimewakosesha raha.

“Dawa yenyewe haina ubaya. Estrojeni inatuliza joto, lakini ikiwa peke yake inaukuza ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, na ukuta ukikua bila breki, saratani inaweza kuanza hapo. Mwanamke ambaye bado ana mfuko wake tunampa pia projesteroni. Hiyo ndiyo breki. Rita alipewa gari bila breki.”

Anaongeza kwamba aliyewahi kuganda damu mguuni, kupata kiharusi au saratani ya titi, au mwenye ugonjwa wa ini, aseme kabla ya kuandikiwa chochote. Hata wasichana wa stoo wanaonunua vidonge vya kuahirisha hedhi, kwa kuwa kazini hakuna choo, anawaomba waulize kwanza. “Na dawa ya jirani ni ya jirani. Miili yenu haijakaa ploti moja.”

Hospitali ya rufaa ilichukua kipande kidogo kutoka ndani ya mfuko wa uzazi. Majibu yaliporudi, ugonjwa ulikuwa umeshatoka nje ya mfuko. Daktari alimwambia kwamba huenda vidonge vilichangia, ingawa hawezi kuapa. Alichoweza kuapia ni kwamba kama angefika damu ilipoanza, mazungumzo yangekuwa mengine.

Sasa Rita anasubiri kitanda. Atapasuliwa, kisha achomwe kwa mionzi. Ameambiwa asitarajie makubwa.

“Mzee siku hizi hanitanii,” anasema. “Ananiangalia tu nikikula. Afadhali angenitusi.”

Wanawake wengine wawili waliokuwa wamenunua vidonge vile walimsikiliza, wakaenda kupimwa. Anjeline amekataa. Rita ameongea naye penye maji na sokoni, na hata mbele ya katekista. Jibu ni lile lile: wivu. Ekisa naye ameshawaambia wenzake wa lori kwamba mwaka huu ataitwa baba.

“Mimi sina tena cha kuokoa, labda siku,” anasema Rita. “Huyu bado. Alhamisi tukipanda naye pikipiki moja mpaka kwa Sharlyne, nitaenda kulala kwa hicho kitanda chao bila kulia. Hiyo tu ndio naomba. Nikirudi mzima, nipepete hata gunia mbili.”

Saa nane mchana mwili unamkataa na msimamizi anamruhusu aende. Anatembea polepole kando ya malori, akisimama kila baada ya malori mawili matatu kuvuta pumzi.

Ploti imetulia. Mlango wa Anjeline uko wazi nusu. Yeye mwenyewe yuko ndani, amekaa kwenye kigoda juu ya gunia lililokunjwa mara nne, leso nyeusi imemzunguka kiunoni. Midomo yake imekuwa ya kijivu. Mbele yake kuna atap, ugali wa wimbi na muhogo, bado mzima, na mboga kwenye sufuria iliyofunikwa.

Rita anasimama kizingitini. Safari hii hataji Alhamisi. Anaangalia gunia lililoanza kulowa, halafu uso wa jirani yake.

“Umekula?” Anjeline anauliza bila kuinua macho.

“Bado.”

Nje, lori linapiga honi ndefu kule kwenye foleni.

“Basi ingia, mama Levis, ukule. Ujipakulie tu,” anasema Anjeline. “Mimi siwezi kusimama.”