Maneno Yaliyofichwa Chini ya Picha ya Mama

Admin, nifichie jina, maana mchumba wangu naye anafuata ukurasa huu. Nina miaka ishirini na tisa, ninaishi mtaa wa Bel-Air, na Jumamosi hii familia yao inaleta mahari kwetu.

Ndugu zake wametawanyika kutoka Kananga hadi Ulaya, kwa hiyo aliwaandalia slaidi za kuwatambulisha watu wa kwetu. Nilimwambia azitume kwa PDF, zifunguke kwenye kila simu. Akakataa, eti ile mioyo yake inayorukaruka kwenye slaidi ingekufa. Akawatumia PowerPoint, na mimi akanitumia ileile.

Slaidi ya mama ilimwita commerçante, yaani mfanyabiashara, lakini jina lake lilikuwa limekosewa, nikaifungua kwenye kompyuta nilirekebishe. Chini ya picha yake nikakuta yale maandishi ya kumkumbusha msemaji, ambayo watazamaji hawayaoni: “Musiseme anauzisha samaki ya kukauka. Museme commerçante. Mukimusalimia, munawe mikono, arufu inabakiaka.”

Samaki hao wa Pweto, kule ziwani, ndio walionisomesha hadi chuo kikuu. Na huyuhuyu bwana kila Jumapili anakula kwa mama mpaka analamba vidole, halafu anaomba wengine wa kubeba.

Nilipomuuliza, hata haya hakuona. “Chérie, kosa iko ya format. Ulisemaka kweli, ningetuma mu PDF haungeona kintu.”

Eti kosa ni la format! Papo hapo akatuma PDF kwenye grupu la familia zetu mbili, akaandika: “Sasa iko propre.” Usafi gani huo, jamani? Tangu hapo akinishika mkono, ninauchomoa.

Mama hajui lolote. PDF imefunguka vizuri kwenye simu yake, na anaizungusha kwa majirani wote. “Angalia, mutoto yangu, banaandika commerçante. Hii familia banajua heshima.”

Leo asubuhi nimemkuta uani, samaki wakubwa ameshawatenga kando kwa ajili ya mkwe wake. Alikuwa anasugua mikono kwa ndimu, anasugua tu. Nikamuuliza kwa nini. Akacheka, “Commerçante hanukake samaki.”

Nikimwambia ukweli, nitamvua furaha ambayo sijawahi kumwona nayo. Nikinyamaza, nitaolewa na mtu anayenawa akishamsalimia mama yangu. Ninyi mliolelewa na mikono kama ile, nishaurini kabla ya Jumamosi: nifanye nini?