Mkono Nilioubusu Mahakamani

Miaka minne nilimtumikia yule bibi hapa London, pasipoti yangu kaifungia kabatini, bila mshahara wala siku ya kupumzika. Nilipobeba mimba nikatoroka; sikutaka mwanangu azaliwe jikoni kwake. Nikamshitaki mahakama ya kazi.

Wakili wake alidai mimi si mtumishi, ni mtoto wa nyumbani. Sheria ya hapa haimpi mshahara anayeishi kama jamaa; jaji akikubali hilo, kesi imekufa.

Asubuhi ya kesi, kwenye korido ya mahakama, bibi alininyooshea mkono. Nikaubusu! Sikufikiri hata kidogo. Ndivyo tulivyolelewa Unguja: mkubwa akikupa mkono, unabusu. Wakili alikuwa pale pale, anatazama.

Ndani akaniuliza, "Mtumwa gani anambusu mkono anayemtesa?"

"Kwetu tunambusu hata adui, maadamu ni mkubwa."

Mkalimani akatafsiri, jaji akaandika. Hukumu ikasema tuliishi kama jamaa. Nimeshindwa.

Nje, nilipompokea mwanangu kwa rafiki aliyenishikia, bibi akanyoosha mkono tena. "Yameisha, mwanangu. Hebu niletee mjukuu wangu nimwone."

Nikamkumbatia binti yangu kwa mikono yote miwili.

"Huna mjukuu hapa," nikamwambia. "Na huyu simfundishi kubusu mkono wa mtu."