Ngozi za Siyu na Kura ya Marekani

Mjomba wangu wa Siyu alikuwa akinunua ngozi za ng'ombe kutoka barani, akizitia chumvi, akizianika, kisha akituuzia sisi. Nasema sisi kwa sababu wakati ule nilikuwa karani wa Mmarekani mmoja aliyepanga nyumba ya mawe Amu, mji ambao wageni huuita Lamu, hatua chache kutoka forodhani. Kazi yangu ilikuwa kupokea ngozi, kutenga nzima na zenye matundu, na kwenda Siyu na Pate kuwapa wauzaji habari za bei. Bwana huyo alikuwa amekaa Unguja miaka mingi, akajua Kiswahili cha huko, ingawa alikitamka kana kwamba ana tende mdomoni.

Mwaka ninaousimulia, Waingereza walikuwa wameanza kututoza kodi ya nyumba si zamani. Asubuhi moja nilimkuta Bwana ameketi sakafuni ghalani, kipande cha makaa mkononi, mbele yake ngozi kavu imetandazwa, upande wa nyama juu.

"Karani," akasema, "njoo uione nchi yangu."

Kwao walikuwa karibu kuchagua mkubwa wa nchi. Upande mmoja ulitaka ushuru wa ngozi ziingiazo kwao kutoka nchi za nje ubaki. Upande wa pili ulitaka upunguzwe. Matajiri waliomtuma walikuwa wamemwandikia kwamba ushuru ukibaki, nyumba ya Amu itafungwa. Alinieleza hayo taratibu, kama mtu anayesoma barua ya msiba.

Nilikuwa na tabia ya kuuliza, na ya kuandika majibu siku ileile kabla hayajaniponyoka. Nikamuuliza watu wake watachagua nini.

"Inategemea umesimama wapi juu ya ngozi hii," akasema, akaanza kuchora.

Shingoni, penye bahari, ndiko viatu vinakoshonwa. Mwenye kiwanda huko alitaka ngozi za bei rahisi, zitoke popote. Lakini mwenye kiwanda cha nguo, nyumba ya pili, aliutaka ushuru wa nguo, na anayetaka ushuru wa nguo hawezi kuwakataa wanaotaka wa ngozi. Na mwenye viatu naye aliogopa viatu vya kigeni; basi hao wawili wangechagua upande mmoja, wa ushuru. Na mafundi wao? Mafundi wengi wangewafuata, kwa sababu waliambiwa kwamba matajiri wakishindwa, milango ya viwanda itafungwa. Kusini, penye pamba, mwenye shamba na mzungu maskini asiye na kiatu wangechagua upande wa pili, wote pamoja, kwa ajili ya vita ambavyo babu zao walipigana na kushindwa. Lakini ukihesabu vichwa, akasema, wenye ushuru ndio wengi.

"Na watu weusi wa huko?" nikauliza.

Akajipangusa makaa kwenye suruali. "Walikuwa wakichagua. Siku hizi mtu analipa kodi kwanza, ndipo aruhusiwe. Halafu anapewa kitabu asome. Halafu kuna watu wamesimama mlangoni."

Katikati ya mgongo alitia alama ndogo. Hapo palikuwa na majani na ng'ombe, na hapo alikuwa ndugu yake, wa baba na mama mmoja.

"Ndugu yangu ana ng'ombe, kwa hiyo anautaka ushuru. Mimi nanunua ngozi za ng'ombe wa watu wengine."

"Hukumwandikia?"

"Nilimwandikia. Amenijibu kwamba ananipenda, na mama anasalimu."

Nikamuuliza yeye mwenyewe atachagua upande gani. Akanitazama kama niliyesema jambo la kitoto. "Mimi niko Amu," akasema.

Wiki ile nikaenda Siyu. Mjomba alikuwa na ghala lililojaa mpaka darini, na Mhindi mwenye duka Pate alikuwa tayari kulichukua lote, kwa bei ya chini. Mjomba alitaka kujua jambo moja tu: ampe Mhindi, au amngoje Mmarekani. Vyote alivyokuwa navyo vilikuwa ndani ya ghala lile.

"Yeo umekuya na habari gani?" akaniuliza kabla sijavua viatu.

Nikamweleza. Mkewe alikuwa akisuka mkeka nyuma ya pazia la mlango, na masikio yake yalikuwa kwetu.

"Marekani si ile nguo ya dukani?" akasema. "Tangu lini nguo ikachagua mtu?"

"Ni nti, mwanamke," mjomba akamjibu. "Nguo yatoka huko." Kisha kwangu: "Na huchaguaje?"

Nikasema: kila mtu anapewa karatasi yenye majina, anaitia sandukuni, kisha sanduku linafunguliwa mbele ya watu. Nikatafuta neno moja la kuyabeba yote hayo. Nikasema: ni kama kura.

Uso wa mjomba ukalegea pale pale.

"Ah! Kura!"

Kwetu kura ilikuwa ni ile ya mirathi. Ndugu wakishindwa kugawana, majina huandikwa kwenye vikaratasi, vikakunjwa, vikatiwa kofiani, na asiye na fungu lolote hupeleka mkono. Litokalo limetoka, na atakayenung'unika amenung'unikia kadari ya Mola. Mjomba alipata shamba lake kwa ndia hiyo, akiwa mdogo wa ndugu wanne, na fungu lililomwangukia ndilo lenye kisima.

"Basi ni nusu kwa nusu," akasema. "Na aliyenipa kisima hajafa."

"Na wake wao," mkewe akauliza, "nao hutia karatasi?"

"Wengi hawaruhusiwi."

"Alhamdulillahi, basi si sisi peke yetu." Akacheka mpaka ukindu ukamtoka mkononi. "Na huyo alipaye kodi ndipo achague! Sisi twalipa ya nyumba, twachagua nini?"

"Twachagua kulipa," mjomba akasema, nao wakacheka pamoja.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaona kosa langu. Mchoro ule wa makaa haukuwa kofia yenye vikaratasi vilivyokunjwa. Ukijua mtu anakaa wapi na ana nini, ulijua jina atakalolichagua kabla hajalitia sandukuni, na Bwana alikuwa ameniambia kwa kinywa chake kwamba wenye ushuru ndio wengi. Nilipaswa kusema hapo hapo. Lakini mjomba alikuwa ametulia, kwa mara ya kwanza tangu niingie, na chakula kilikuwa kinaletwa. Tena riziki yangu mimi ilikuwa mikononi mwa Bwana yuleyule, na nafsi yangu nayo ilitaka iwe nusu kwa nusu.

Siku kumi baadaye nikarudi makusudi, kumwambia. Nikamkuta ameshamkatalia Mhindi, naye Mhindi ameshanunua kwingine. Alikuwa ameshasoma Fatiha yeye na majirani ili kura itoke upande wetu, na ametoa sadaka ya maandazi msikitini.

"Mjomba, ile si kura kama yetu. Kila mtu anafuata tumbo lake na mahali alipozaliwa. Yajulikana."

Akauchezea upindo wa kikoi.

"Ikiwa ni kura, ni ya Mungu," akasema mwisho. "Ikiwa si kura, mbona waniambia sasa?"

Nikavaa viatu, nikarudi Amu.

Simu ilifika Amu wakati wa vuli. Bwana aliisoma, akaikunja, akasema wenye ushuru wameshinda, akaniambia nifunge madaftari. Hakukasirika. Alisema hata eneo la ndugu yake lilikwenda kama alivyolichora. Baada ya mwezi mmoja nyumba ilikuwa tupu, naye akapanda meli ya Mombasa.

Kule Siyu mvua ilikuwa imeingia ghalani kwa pembe moja ya paa la makuti. Ngozi zikapata unyevu, zikaota ukungu, zikaingiwa na wadudu weusi wanaotafuna mpaka usikie. Majirani waliosoma Fatiha naye ndio waliokuja kulalamika juu ya harufu. Ikambidi azitupe. Tulizibeba sisi wawili mpaka mkondoni, tukazitia majini. Tulikuwa na haraka na aibu, hatukuangalia kwamba maji bado yalikuwa yakijaa.

Kabla ya alasiri zilikuwa zimeanza kurudi, zimetanda baina ya mikoko, chini ya ndia wapitayo watu.

"Bwana we!" mmoja akampigia kelele kutoka juu. "Ng'ombe wako wamerudi malishoni!"

Mjomba akakunja kikoi, akaingia matopeni mpaka magotini, nami nikamfuata. Akaniuliza, bila kugeuka, kama nimepata kazi nyingine. Nikasema sijapata. Tukashika ngozi ya kwanza huku na huku, tukaikokota kwenda mchangani tuizike. Zilikuwa nzito mara mbili ya zilivyokuwa kavu, na kila tuliporudi kuchukua nyingine, maji yalikuwa yameleta tatu.