Mbuzi wa Nakiporo

Mume wangu Ejore ni mtu wa kunusa chai kabla ya kuinywa, hata kama nimeipika mimi niliyemzalia watoto. Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi namwambia tu, "Kunywa, Baba Nelly, sumu ya leo imeisha sokoni."

Hakuzaliwa hivyo. Kwao ni Lokori, na huko ndiko mdogo wake alikouawa na wezi wa mifugo. Mifugo ilikuwa imefichwa mahali palipojulikana na watu wa nyumbani peke yao, na wezi wakaenda moja kwa moja, bila kupotea njia. Nani aliwaambia? Ejore hulala na swali hilo na kuamka nalo. Baada ya mazishi tulihamia Lodwar. Yeye akapata kazi ya ukarani katika chama cha wafugaji, mimi nikafungua kibanda cha chakula nyuma ya ofisi yao. Mbuzi wachache waliosalia anawachunga mjomba wake, na ndio mali yetu yote.

Basi chama kikaletewa habari za programu ya kompyuta. Ni ya bure, imeandikwa na watu wa nchi nyingi wasiojuana, na yeyote anaruhusiwa kuifungua ndani aone ilivyoundwa. Inaonyesha kwenye ramani mifugo iko wapi, maji yako wapi, ugonjwa umezuka wapi, ili daktari wa mifugo asihangaike kutafuta watu na chanjo yake. Wanachama walifurahi. Ejore akasimama.

"Ramani ya mbuzi! Kwa nini tusiwapigie wezi simu tukawaita, iishe?"

Watu walicheka, lakini wote wamewahi kuzika mtu, kwa hiyo kicheko hakikwenda mbali. Wakaamua Ejore mwenyewe aisimike kwenye kompyuta yake, aifanyie kazi humo peke yake, na akiridhika ndipo chama kiikubali. Aliyepiga makofi kwa nguvu zaidi alikuwa Ethuro, kaka yangu, dalali wa mifugo, aliyezoea kuja kwetu tangu Lokori kama mtu wa nyumbani. Ethuro na kofia yake nyekundu hushinda pale ofisini kila siku kwa sababu kuna wifi ya bure na chai yangu iko karibu.

Wa kumsaidia Ejore alitoka Kakuma. Ni msichana wa Kidinka anayeitwa Aluong, amekulia kambini, na ni mmoja wa hao wanaoirekebisha programu hiyo kutoka kila pembe ya dunia. Alishuka kwenye gari na vumbi lake, akatusalimu, "Ejok."

Ejore alinivuta kando. "Kiturkana amefundishwa na nani huyu?"

"Amekaa Turkana tangu akiwa mtoto, Baba Nelly. Ulitaka asalimie kwa Kichina?"

Wakaanza kazi ofisini. Aluong aliandika amri, na kwenye skrini yakaanza kushuka majina, mstari juu ya mstari, kama mchele unaomwagika guniani. Ejore akarudisha kiti nyuma.

"Hawa wote ni akina nani?"

"Ni vipande vya programu, Mzee. Hii programu inategemea zingine, na hizo nazo zinategemea zingine."

"Wanatoka wapi?"

"Kila mahali."

"Na umewajua wote?"

"Hapana, Mzee," Aluong akasema. "Hakuna mtu anawajua wote."

Alisema kweli, na kweli hiyo ilimharibia Ejore siku nzima. Ilipofika zamu ya kuchagua neno la siri la hifadhidata, yaani ghala ambamo programu huweka mambo yake, aliifunika kibodi kwa kofia ili hata mimi mkewe nisione. Kisha programu ikakataa kuwaka. Skrini ikasema mlango ambao programu hupitia una mtu tayari. Ejore akaruka. "Nimesema! Nani yuko ndani?" Aluong akaangalia, akauma mdomo asicheke. Aliyekuwa ndani ni Ejore mwenyewe. Alikuwa ameiwasha dakika chache kabla akaisahau, na sasa alikuwa akijizuia mlangoni.

Hatimaye ramani ikatokea, na kaunti yetu yote ikiwa imelala pale bila mbuzi hata mmoja. Jioni tukaenda na Aluong nyumbani kwetu, na huko Ejore akachomoa modemu. Ramani haikuondoka. Akatembea na kompyuta hadi nyuma ya choo, mbali na kila waya. Ramani bado ipo.

"Inakaa hapa tu," Aluong akamwambia. "Kwa hii mashine. Haiendi nje. Weka mifugo ya uongo, uzoee."

Kwa mambo ya uongo, Aluong alikuwa amemwambia fundi mwenyewe. Huko Lokori watu wakimshuku mtu kwamba anatoa habari, hawamuulizi. Kila anayeshukiwa huambiwa mahali pa uongo pa kwake peke yake. Halafu watu wanakaa kimya kuona wageni watatokea wapi. Ejore akamwambia Aluong, kama mtu anayepiga soga, kwamba mbuzi wetu wako upande wa Kaaleng. Na kompyuta akaipa uongo wake: akaandika kundi zima la mbuzi na kisima kilichofufuliwa katika Nakiporo, laga, yaani mto wa mchanga mtupu, ambapo hakuna mtu amechunga tangu kisima cha kweli kife. Hilo hakulitamka kwa binadamu yeyote. Aluong akarudi Kakuma. Ejore akaendelea kuiwasha programu kila siku akiwa ofisini, akiinakili amri ileile Aluong aliyomwachia, herufi kwa herufi. Kwa woga wake hakuthubutu kugusa hata nukta.

Wiki hazikuwa zimepita nyingi, mchuuzi wa mkaa akaja kula kwangu, kibandani tukiwa mimi na Ejore tu. Alikuwa amepita Nakiporo. Amekuta wanaume watatu wenye bunduki wanazunguka kwenye laga, wakamuuliza mbuzi wamehamia wapi. "Mbuzi gani huko?" akasema akicheka. "Hata nzi hakuna."

Ejore alikuwa na kijiko mkononi. Alikiweka chini polepole, akaenda kwa chifu kueleza habari za wale watu, kisha akarudi kuchukua kompyuta.

"Kakuma," akasema. "Ni huyo msichana na mashine yake."

Nilifunga kibanda nikaenda naye. Sikumwamini kwa hasira aliyokuwa nayo. Na njiani ndipo nilipoelewa jambo lingine.

"Baba Nelly, mimi uliniambia mbuzi wako Kalobeyei."

Akatazama dirishani.

"Hawako Kalobeyei, sivyo? Nami nilikuwa kwenye mtego!"

"Kila mtu alikuwa kwenye mtego," akasema.

Sikumsemesha tena mpaka tukafika. Kulishwa uongo na mtu ninayemfulia nguo, ati anipime! Nilitamani kushuka nirudi kwa miguu.

Tulimkuta Aluong katika chumba cha mabati wanakofundishia vijana kompyuta. Ejore hakusalimia. Alifungua kompyuta mbele yake. "Mahali hapa niliambia mashine peke yake. Watu wenye bunduki wamefika. Nieleze."

Aluong aliogopa, niliona. Mtu wa kambi akisikia neno bunduki na jina lake karibu karibu, anajua litakapoishia. Lakini alikaa, akaiunga kompyuta na wifi ya chumba kile, akaiwasha programu kwa amri ileile, akaisoma. Halafu akatoa simu yake mwenyewe, akaandika namba ya kuifikia mashine ya Ejore, akatuonyesha. Kwenye simu ile ndogo kulikuwa na ramani yetu, na mbuzi wa Nakiporo wamesimama juu yake.

"Umesema haiendi nje!" Ejore akapaza sauti.

"Haiendi nje, Mzee. Iko hapa ndani, na mimi niko hapa ndani na wewe." Akaonyesha mwisho wa amri. "Haya maneno niliongeza mimi siku ile Lodwar, nione kama inakaa vizuri kwa simu. Bila haya inajibu mashine yako pekee. Ukiyaweka, inajibu kila mtu mko naye kwa wifi moja. Nilifaa kuyatoa. Sikuyatoa."

"Nyumbani nilichomoa modemu, ikabaki."

"Nyumbani ulikuwa peke yako. Ofisini mashine yako inaingia kwa wifi yenyewe."

Nikajua Ejore anapanga watu wa ofisini kwenye mstari, mmoja mmoja. Mimi ndiye niliyeuliza. "Hiyo namba, siku ile, nani mwingine aliipata?"

"Wewe ulikuwa kwa kibanda, Mama Nelly, na Mzee alikuja kwako kutafuta waya," Aluong akasema. "Kulikuwa na yule mzee wa chai, mwenye kofia nyekundu. Aliniomba, nikampa. Nilidhani ni wa chama."

Kofia nyekundu nilimnunulia mimi.

Nilisema mimi, mengi, na kwa haraka. Kwamba kuangalia simu si kosa. Kwamba dalali hupenda kujua mifugo ilipo, ndiyo kazi yake. Kwamba huenda aliongea ovyo mahali, mtu akasikia. Kwamba Ethuro ni mtoto wa mama yangu na alibeba jeneza la mdogo wake Ejore kwa bega lake. Aluong aliinama juu ya kompyuta, akayafuta yale maneno, kisha akaanza kuandika kwenye maelekezo ya programu onyo kwa wote watakaoisimika baada yetu. Ejore, ambaye alikuwa amekuja kumvunja mtu, alimsubiri amalize, akamwomba radhi, akamwambia kwamba mbuzi hawako Kaaleng.

"Nilijua," Aluong akasema. "Kwa nini ungeniambia mimi?"

Tuliporudi Ejore akaniambia, "Ni kaka yako. Sitamshika mtu kwa sababu ya simu. Wewe ndiye utasema kama ni yeye au siye."

Jumapili baada ya kanisa Ethuro alikuja kula kwetu kama kawaida yake. Nilipika nyama. Nilikuwa nimejiapiza kwamba nitamsafisha jina, nimwonyeshe mume wangu jinsi shaka inavyokula nyumba za watu. Nikampakulia, akaanza kula. Nikamwambia, kama habari ya kawaida tu, "Mbuzi wetu tumewahamisha. Pale walipokuwa hapakuwa pazuri."

"Afadhali," Ethuro akasema, akitafuna. "Nakiporo hakuna hata maji ya kunywa kuku."

Ejore hakuinua kichwa. Hakuna aliyemwambia kaka yangu kwamba tuna mbuzi Nakiporo, na kama angekuwa ameiangalia ramani tu angeamini kuna maji, maana Ejore aliandika humo kwamba kisima kimefufuliwa. Kwamba bado pamekauka, angejua tu kwa watu waliokwenda hadi pale na bunduki zao na kurudi mikono mitupu.

Ethuro aliendelea kula. Alisifu mchuzi, akanyoosha sahani niongeze. Nikaipokea, nikaiweka chini nyuma yangu, nikamwambia kwa lugha ya mama yetu ainuke atoke nje, na asiguse mkono wa mtoto wangu yeyote akipita. Aliniuliza nimekuwaje. Nikamtazama Ejore, nikataja jina la mdogo wake aliyekufa, kwa sauti, mara moja. Kaka yangu aliacha kutafuna. Alichukua kofia yake akatoka, na mume wangu akanyanyuka, akaenda kuwaita wazee wa chama, na mimi nikabaki naosha sahani ile huku nikilia, naiosha, naiosha.