Tundu la Kamyoneti ya Arusi

Mimi shule niliiacha mapema, kule Bukavu ng'ambo ya mto, kabla haijaniacha yenyewe. Nilianza utingo wa malori, nikawa dereva, halafu nikajifunza kushona hapa Kamembe, nikanunua mashine ya kwanza, kisha ya pili. Hakuna aliyenishika mkono. Anayesema alinisaidia, aje tuonane.

Binti yangu wa mwisho aliolewa Muganza, kwa kijana wa kiwanda cha simenti. Nilitaka vyombo vyake vifike kwa gari, si kichwani mwa watu. Ilikuwa miaka ya vita vya huko ng'ambo. Daraja la Rusizi II, la kuvukia huko, leo limefunguliwa, kesho limefungwa, na mtu akikusalimia mara mbili unajiuliza anatafuta nini kwako.

Palikuwa na ajansi moja ya kukodisha magari, ofisi ya vioo na kibao cha rangi. Mwenyewe alikuwa mtu laini, mikono yake haijawahi kushika jeki. Akanipa kamyoneti nyeupe, gari dogo la mizigo. Nikaizunguka, nikapiga teke matairi, nikaangalia oili. Nilimuuliza, "Ni nzima?" Akasema, "Nzima, Mzee." Alitaka dhamana, kosyo, kama alivyoiita. Pesa sikumwachia, maana pesa ikiingia kwa mtu laini haitoki. Nikamwachia mashine yangu kubwa ya miguu. Ile ndiyo iliyokuwa ikishona yunifomu za shule, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa.

Nikaendesha mwenyewe. Godoro la bibi harusi nilikuwa nimelishonea foronya ya kitenge, yenye mikunjo pande zote, nikalisimamisha ubavuni nyuma na kulikaza kwa kamba. Barabara ya kuteremkia Bugarama ilikuwa mawe matupu. Wanawake waliopanda nyuma waliimba mpaka vumbi likawafunga midomo. Tulishusha vyombo, tukala, nikarudi peke yangu na gari tupu. Jioni nikairudisha imejaa vumbi, jamaa akasema nije kesho kuchukua mashine, kwanza wataiosha.

Nikaja. Gari limeoshwa, linang'aa, na ubavuni nyuma kuna tundu. Tundu la risasi. Mimi matundu ya aina hiyo nimeyaona ya kutosha, sihitaji kufundishwa.

"Mzee," akasema, "hii tundu haikukuwa."

"Wala mimi sikuiona."

"Hukuiona kwa sababu ya vumbi. Weye ndiye ulikuwa na gari. Basi utalipa. Kupiga bati, kupaka rangi, na siku zote gari itakaa bila kazi."

Akataja bei. Kwa bei ile ningenunua mashine nyingine na pesa ya nyama ikabaki. Nikamwambia silipi hata franga. Hapo akainama kidogo, akaongea polepole kama mtu anayekuombea dua.

"Mimi sitaki mambo, Papa. Lakini wanajeshi wakiniuliza hii gari ilipigwa risasi wapi, nitasema nini? Muganza hakuna vita. Nitasema pengine Mzee alivuka nayo. Pengine alibeba batu ya vita."

Mtu wa leo hawezi kujua neno hilo lilikuwa na uzito gani. Kuvuka daraja na gari ya watu, bila ruhusa, wakati ule, kisha uulizwe ulibeba nani. Wapo walioulizwa swali hilo na hatukuwaona tena dukani wala msikitini. Nikaondoka. Mlangoni niliona mashine yangu kwenye pembe, na juu yake chupa ya chai. Walikuwa wameigeuza meza.

Nyumbani nikaanza kumshuku kila mtu. Nilimshuku mwosha magari kwamba alipiga msumari. Nilimshuku shemeji yangu, aliyekuwa ameomba nimfundishe kuendesha, nikakataa. Nilimshuku hata mkwe wangu, maana pale arusini vijana wa kiwandani walikuwa wakilizunguka lile gari. Mke wangu akaniletea chakula, nikamuuliza kwa nini amekuja taratibu.

"Baba," akasema, "hata mimi nilitoboa gari?"

Ndipo wazo likanijia. Godoro lilisimama pale pale penye tundu. Kama risasi iliingia njiani, godoro lina tundu. Kama halina, yule ni mwongo. Nikavaa koti.

"Unakwenda wapi?"

"Muganza. Kuona godoro."

Akaweka sahani chini. "Siku saba za fungate hazijaisha. Baba wa bibi harusi hakanyagi kule. Wataelewa nini?"

"Waelewe wanachotaka."

Nilipanda lori lililokuwa likirudi tupu kiwandani. Nilipofika, mama wa kijana alikuwa uani anachambua mchele. Aliponiona alisimama, mchele ukamwagika.

"Mzee. Kuko nini? Batoto wamekosana?"

"Hapana. Nataka kuona godoro."

Jirani aliyekuwa akianika nguo akaacha kuanika.

"Godoro," akasema yule mama polepole. "Papa, sisi tumeridhika. Hatukulalamika kitu. Mutoto wenu ni mutoto wa heshima."

Nikaelewa alichoelewa. Aibu ikanishika, lakini nilikuwa nimefika. "Si hilo, Maman. Godoro lenyewe. Mlilete nje."

"Unakuja kulichukua?"

"Nalitazama tu."

Wakachelewa kulitoa, na mimi, Mungu anisamehe, nikashuku hata kule kuchelewa. Mwishowe mkwe wangu akatoka nalo begani, amevaa fulana na suruali ya kazi, na nyuma ya pazia nikaona jicho moja la binti yangu. Sitalisahau lile jicho. Nikalilaza godoro kwenye mkeka, nikalipapasa kama mtu wa duwani anayetafuta magendo, juu na chini, ubavu huu, ubavu ule. Zima. Nikamweleza mkwe wangu habari yote, kwa sauti, ili na jirani asikie, kisha nikasema, "Umeona? Halina tundu. Yule mtu ni mwongo."

Kijana akajikuna shingo. Ni mpole, hapendi kumbishia mkubwa.

"Papa, lakini ulirudi na gari tupu. Atasema ilipigwa wakati wa kurudi."

Kweli. Nilikuwa nimepita milima yote ile, nimemvua binti yangu nguo mbele ya majirani, kwa ushahidi usiothibitisha kitu. Nikakaa palepale kwenye ukingo wa godoro. Mkono wangu, kwa mazoea tu, ukaanza kufuata mshono, kama unavyofanya siku zote mteja akiwa anaongea. Kwenye mkunjo wa pembeni kitu kigumu kikanichoma kidole.

Nikakitoa. Kilikuwa kidonge, mviringo, kama kifungo cha koti. Upande mmoja mweupe, umepakwa rangi. Upande wa pili wa kijivu. Nikakikwaruza kwa ukucha, nikakinusa. Mastiki. Ile wanayozibia mabati ya magari ili yaonekane hayajawahi kugongwa. Kamba ililikaza godoro pale palipozibwa, mawe ya Bugarama yakaitikisa, ikachomoka na kuangukia mkunjo nilioushona mwenyewe.

"Maman," nikasema, "rudisheni godoro. Na mniwie radhi."

"Kwa heri, Mzee," akajibu, bado hajaokota mchele.

Siku iliyofuata nikaingia ajansi. Kulikuwa na watu wawili watatu wanaongojea gari. Sikusalimia. Nikamshika yule jamaa mkono mpaka kwenye kamyoneti, nikatoa kidonge mfukoni, nikakipachika tunduni. Kikakaa kama kizibo kwenye chupa yake.

Akakitazama. Kisha, huyu mtu, akasema, "Basi, Mzee, weye ndiye uliharibu mastiki yangu. Mastiki ni pesa."

Mmoja wa wateja akacheka mpaka akashika ukuta. "Patron, muntu analeta kizibo na unamulipisha chupa!"

Mimi sikucheka. Nikakichomoa kidonge, nikakirudisha mfukoni. "Twende kwa wanajeshi," nikasema. "Mimi, wewe na gari yako. Ulisema utawaambia niliivusha. Vizuri. Na wewe watakuuliza nani aliziba, na gari ilikuwa ya nani kabla haijawa yako."

Akabadilika rangi. Akaniingiza ofisini, akafunga mlango wa vioo, kana kwamba vioo vinaficha kitu.

"Mimi niliinunua," akasema chini chini. "Niliikuta hivyo."

"Sikukuuliza."

Na sikuuliza kweli. Magari mengi wakati ule yalikuwa yamezaliwa mara ya pili, kwa rangi mpya na nambari mpya. Aliyeketi nyuma siku ile risasi ilipoingia, alikuwa nani, yeye hakujua, au alijua. Nami sikutaka kutoka pale na jibu lake.

"Niachie hiyo kitu, Papa," akasema, akinyoosha kiganja.

"Mashine kwanza."

Akaondoa chupa ya chai. Nikakaa kwenye kiti chake, nikaangalia sindano, mkanda, nikafungua chini kuona kama boboini ya uzi ipo. Nikavuta kitambaa cha meza yake, nikapitisha mshono mrefu katikati, ukaenda sawa. Hapo nikaweka kidonge kiganjani mwake, naye akafunga vidole haraka.

Yunifomu zilishonwa, shule zilifunguliwa. Muganza sikwenda mpaka mjukuu wa kwanza alipozaliwa, na yule mama akanipokea vizuri, akaniwekea kiti, akauliza, "Mzee, tulete godoro, au leo utakunywa chai tu?" Binti yangu alicheka pamoja nao. Mimi bado naona lile jicho.

Ile kamyoneti nayo ilipita mbele ya duka langu kabla mwezi ule wa arusi yetu haujaisha, imebeba arusi nyingine, wanawake wanaimba. Mkono wangu ulikuwa kwenye gurudumu la mashine. Nilitazama ubavu wake wa nyuma. Ulikuwa mweupe, laini kama yai, na msichana mmoja mwenye vazi la kijani alikuwa ameegemea palepale.