Mitumbwi Miwili na Samli ya Bibi

Hadi leo harufu ya samli inanipandisha hasira. Si kwamba siili. Naila, tena mtungi mzima naununua bila kuuliza bei. Shida ni baba mdogo Salehe, ndugu yake baba aliyetoka Pwani. Enzi hizo za Mdachi nilikuwa na miaka kumi hivi, baba akiuza chumvi na nguo pale Isingiro. Salehe akaokota mitumbwi miwili mikuukuu kando ya ziwa, akaiunganisha kwa mbao, akasimamisha mlingoti na tanga la amerikani, ili mimi na dada zangu wawili tutembee kwa upepo. Baba akasema wazi: kama siku ya Idi chombo hakijaelea, kitakuwa cha jirani yetu Rwegasira, ambaye alikitaka apate kukamulia humo ndizi zake za pombe. Dada zangu wakalia.

Mitumbwi yote ilikuwa na nyufa. Pwani huziba kwa pamba na mafuta ya papa, lakini papa tungempata wapi huku milimani? Salehe akachukua samli ya bibi, mzaa mama, ile aliyotupaka mwilini tangu uchanga wetu.

“Mkwe, samli ni ya watoto,” bibi akamwambia. “Chemsha utomvu wa mti, uzibe kwa lubugo.” Lubugo ndiyo nguo yetu ya gome.

“Mama, nakuheshimu, lakini mambo ya vyombo niachie mimi. Wewe umekua na ng'ombe, mimi na bahari.”

Asubuhi tukakuta siafu tele, mbwa wa Rwegasira wanalamba, pamba yote nje. Akaziba tena, kwa samli! Mara tatu, jamani! Siku moja kabla ya Idi, Salehe akiwa amelala mchana, nikachokonoa ule uchafu wote nikaziba kwa lubugo, kwa mikono hii hii. Sikusaidiwa na mtu, ila bibi alinishikia chungu cha utomvu. Siku ya Idi tukavuka ziwa tukiwa wakavu, dada zangu wakipiga vigelegele, na Salehe kwenye kanzu yake akiwatangazia watu ufukweni: “Mnaiona kazi ya samli?”

Leo nina duka, lori na nyumba ya bati, na shule sikuijua. Bati linavuja. Nimemwambia fundi azibe kwa lubugo, akacheka: “Mzee, mambo ya bati niachie mimi.” Nimepanda paani mwenyewe. Utomvu unachemka huko chini, na hakuna wa kunishikia chungu.